Makontena yasiyo ya bandarini

Najua nimeadimika. Sikuwa safarini, sikuumwa, wala sijaoa kimyakimya kama mdau mmoja alivyozusha. Nilikuwa nasoma makontena. Mama nilipomwambia hivyo kwa simu alimshukuru Mungu, kisha akauliza kama bandarini wanalipa vizuri kuliko gazetini. Ikabidi nimfafanulie kwamba kontena ninalolisoma mimi halishushwi kwa winchi, halilipiwi ushuru, na halipakiwi kwenye lori kule Kurasini. Ni chombo cha kuwekea data ndani ya programu ya kompyuta. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Haya mwanangu, ilimradi usiache kazi."

Kuacha kazi... Tutafika huko.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi nina mtihani wa C++, karatasi ya pili, na mada yake yote ni maktaba sanifu ya lugha hiyo: makontena na algoridhimu. Algoridhimu, kwa ambao hawajakutana nalo neno hili, ni utaratibu wa hatua kwa hatua wa kumaliza kazi fulani, kama kupanga majina au kutafuta jina moja kati ya mengi. Mimi, mtu wa HKL! Kidato cha tano tulikuwa tukiwaona watu wa PCM wakipita na vikokotozi vyao tukawaombea dua. Chuo kikuu nikasoma uandishi wa habari, na hesabu pekee niliyoifanya kwa miaka mitatu ilikuwa kugawa boom ili lifike mwisho wa muhula.

Sababu ya kujitafutia balaa hili ni ya kawaida kabisa. Gazeti ninaloliandikia limepunguza kurasa. Wenzangu wanne hawakuongezewa mikataba, na wangu unaisha Desemba. Nikajiandikisha kozi ya jioni. Ada nalipa mwenyewe kwa awamu tatu, na jumla yake ingenilipia chumba kwa miezi minne. Anayefeli anarudi kwa sapu, na sapu nayo inalipiwa. Sasa mnaelewa kwa nini napiga msuli mpaka saa saba usiku.

Mtihani wenyewe tunaandika kwa kalamu. Ndiyo, programu ya kompyuta, kwa kalamu ya wino, kwenye karatasi yenye mistari! Hakuna mashine ya kukuonyesha kwamba umesahau mabano, hakuna pa kujaribu kwanza ukaona inakuwaje. Nilikuwa nikilalamika sana juu ya jambo hili, ila siku hizi nimepunguza. Karatasi inakulazimisha kujua mapema kile ambacho kompyuta ingekuficha: kontena gani linafanya nini, na kwa bei gani.

Hilo neno bei ndilo lililonifanya niipende maktaba hii. Aliyeibuni zaidi ni Alexander Stepanov, mzaliwa wa Moscow, akisaidiana na Meng Lee walipokuwa Hewlett-Packard huko Marekani. Stepanov amewahi kusimulia kwamba mbegu ya wazo lake ilimjia mwaka 1976 akiwa hospitalini, bado Urusi ya Kisovieti, hoi kwa sumu ya samaki mbichi. Katika kuweweseka kwake akaona kwamba unaweza kugawa kazi ya kujumlisha namba kwa watu wengi kwa wakati mmoja kwa sababu moja tu: popote utakapofunga mabano, jumla haibadiliki. Baadaye alitania kuwa maktaba nzima ni zao la bakteria. Lakini msimamo wake ninaouheshimu ni ule wa gharama. Aling'ang'ania kwamba haitoshi kuahidi kazi itafanyika, lazima pia utamke kazi hiyo itakula hatua ngapi, na tamko hilo liwe sehemu ya ahadi. Ukichukua kontena, bei imebandikwa mlangoni. Mimi niliyezoea kuandika habari za miradi ambayo bei yake hujulikana baada ya utepe kukatwa, niliposoma hilo nilifunga daftari nikatembea kidogo.

Tuanze na vekta, maana nusu ya mtihani ni vekta. Vekta ni mpangaji. Vitu vyake vinakaa bega kwa bega katika eneo moja la kumbukumbu, kwa hiyo ukitaka kitu cha 500 unakifikia moja kwa moja bila kupita kwa 499 waliotangulia. Chumba kikijaa, vekta haitandiki godoro ukumbini. Inatafuta nyumba kubwa zaidi, mara mbili au mara moja na nusu ya ile ya zamani kutegemea fundi aliyeitengeneza, inahamisha familia yote, kisha inarudisha funguo. Wewe uliyekuwa umeandika anwani ya chumba cha zamani ukaenda kubisha hodi, hujui atakayekufungulia. Huenda ukawakuta vitu vyako bado wamekaa vilevile, ukadhani mambo ni shwari, hadi siku programu inaanguka mbele ya mteja. Walimu wanalipenda sana swali hili.

Kuhamahama huko si hasara? Ndivyo nilivyomuuliza mwalimu, akanipa chaki nikapige hesabu ubaoni. Ukianza na nafasi moja, ukawa unaongeza mara mbili kila ikijaa, mpaka ufikishe vitu 1,000,000 umehama mara 20 tu. Mizigo yote uliyobeba katika safari hizo ukiijumlisha ni 1,048,575, yaani kila kitu kimebebwa kama mara moja hivi. Ni sawa na mwenye nyumba wa Dar anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Siku ya kulipa unaumwa tumbo, lakini ukiigawa kwa siku zote unazolala pale unakuta ni hela ya chapati na chai. Mwalimu akasema mfano huo niuandike kwenye mtihani kama ulivyo.

Orodha mnyororo ni kinyume chake. Kila kitu kinakaa mtaa wake na kinamjua jirani wa mbele na wa nyuma basi. Kuingiza kitu katikati ni rahisi ukishafika, unawaambia majirani wawili wabadilishe anwani. Kasheshe ni kufika. Vitabu vya zamani vinasifia orodha hii kwa kazi za kuongeza na kufuta katikati, lakini mwaka 2012 Bjarne Stroustrup, Mdenmark aliyeanza kuijenga lugha hii mwaka 1979 akiwa Bell Labs, alisimama jukwaani akaonyesha kwamba kwa vitu vidogovidogo vekta huishinda hata katika kazi hiyo. Prosesa za siku hizi zinapenda vitu vilivyokaa pamoja. Kuzunguka mtaa kwa mtaa kunazichosha. Kuna na kontena liitwalo deki (si ile ya kupiga sakafuni), linaloongeza vitu kwa haraka mbele na nyuma, lakini deki haijawahi kunitesa kwa hiyo naipita.

Sasa niwaambie juu ya konda. Katika maktaba hii algoridhimu hazimo ndani ya makontena. Zinakaa nje, na katikati yake na makontena kuna itereta, kidole kinachoonyesha kitu kilipo na kinachojua kusogea kwenda kinachofuata. Faida yake ni ya kihesabu. Tuseme una makontena 10 na algoridhimu 60. Ungeandika kila algoridhimu kwa kila kontena ungeandika 600. Kwa kupitia itereta unaandika 70 na kila kitu kinaongea na kila kitu, mradi kidole kina uwezo unaotakiwa. Algoridhimu ya kupanga, kwa mfano, inataka kidole kinachoweza kuruka mbali, ndiyo maana haifanyi kazi kwa orodha mnyororo, na orodha hiyo imepewa njia yake yenyewe ya kujipanga.

Lakini utengano huo una matokeo ambayo ukiyasikia mara ya kwanza unadhani ni kichekesho. Ipo algoridhimu ya kuondoa. Una vekta ya namba 10, tatu kati yake ni sifuri, unaiambia algoridhimu iondoe sifuri. Inamaliza kazi. Unaihesabu vekta: bado ni 10! Ndipo anapoingia konda. Konda wa daladala la Gongo la Mboto anaweza kukwambia "sogea mbele, kaka, kuna nafasi", na wanaobaki wanasogea kweli hadi nyuma panabaki viti visivyo na maana. Hawezi kulikata basi. Basi lina mwenyewe. Algoridhimu inaona vidole tu, hailijui kontena, kwa hiyo inawasogeza wanaobaki mbele, inakuonyesha mahali wanapoishia, na inakuachia wewe umwambie mwenye basi apunguze viti vya nyuma. Toleo la mwaka 2020 lilileta amri moja inayofanya yote mawili, ila mwalimu wetu anataka tuijue njia ndefu. Sina ugomvi naye.

Nina udhaifu wa historia (HKL hiyo), kwa hiyo nivumilieni kwa aya moja. Kiswahili sanifu kilitengenezwa na kamati, ile ya mwaka 1930 iliyochukua Kiunguja kama msingi, na hadi leo tunabishana kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi. C++ nayo ina kamati, na maneno yake yanapigiwa kura. Stepanov aliwasilisha kazi yake Novemba 1993, ikapitishwa Julai 1994, na kiwango kamili kikatoka mwaka 1998. Kuna waliopendekeza lingewekwa pia jedwali la heshi, kontena linalopata kitu bila kukipanga popote, kwa kukigeuza jina lake kuwa namba ya sanduku. Pendekezo zuri, lakini lilifika kamati imeshafunga milango. Likaingia rasmi mwaka 2011. Miaka 13! Mhariri wangu anayenifokea kwa kuchelewa dakika 20 angefurahi sana kwenye kamati ile.

Jambo lililonishika zaidi ya yote, ambalo ndilo lililonifanya niandike haya badala ya kulala, liko kwenye kontena liitwalo ramani. Kwa kazi yake ningeliita kamusi. Unaweka vitu viwili viwili: ufunguo na kinachoambatana nao, kama jina la halmashauri na hati yake ya ukaguzi. Ramani inajipanga yenyewe kwa ufunguo, hivyo hata ikiwa na majina milioni 30 unapata unalolitaka kwa hatua chache tu, kama anayefungua daftari katikati, akaona herufi, akatupa nusu, akafungua tena katikati ya nusu iliyobaki. Ukigawa hivyo milioni 30 zinaisha kwa hatua 25.

Kuna njia mbili za kuiuliza ramani. Njia ya kwanza ni kutafuta. Unataja jina, na kama halipo, ramani inakurudishia kidole kinachoelekea mwisho. Mwisho katika maktaba hii si kitu cha mwisho, ni nafasi moja baada yake, kituo ambacho hakuna abiria. Kukionyesha ni namna ya kusema: nimetafuta kote, hakuna. Njia ya pili ni ya mabano ya mraba, na kila mwanafunzi anaipenda kwa sababu ni fupi. Unaandika jina la ramani, unaweka ufunguo ndani ya mabano, unapata jibu. Na kama ufunguo haupo? Ramani haikwambii haupo. Inauzaa. Papo hapo, kwa sababu tu umeuliza, jina linaingia kwenye daftari likiwa na thamani tupu, sifuri mkononi. Umekwenda kuulizia habari za mtu, na swali lako ndilo lililomuumba.

Nilipoisoma sentensi hiyo ya mwongozo nilicheka peke yangu. Mwaka 2016, nikiwa bado shule, nchi ilikuwa ikisaka watumishi hewa, watu waliokuwa kwenye orodha ya mishahara bila kuwepo duniani. Na sisi waandishi? Unampigia mtu simu: "Mheshimiwa, kuna mvutano gani ndani ya kamati yenu?" Huenda mvutano haukuwepo hadi ulipouliza. Kesho yake upo, ukurasa wa kwanza. Nimekaa vyumba vya habari muda wa kutosha kuyaona mabano ya mraba yakifanya kazi.

Kundi letu la diskasheni lina watu watatu: mimi, mwalimu mmoja wa sekondari, na dada mmoja anayefanya kazi benki. Wiki mbili zilizopita tulitaka data halisi ya kujipimia, nikaleta hati za ukaguzi za halmashauri kutoka ripoti za CAG za miaka mitano, nilizokuwa nimezichapa mwenyewe kwenye jedwali jioni kwa jioni. Dada yule ni mwepesi kuliko sisi wote. Akaandika programu kwa dakika 40: orodha moja ya majina, ramani, kisha anapita ripoti kwa ripoti akijumlisha hati safi na hati zenye shaka. Ikatoka vizuri, mstari juu ya mstari, na chini kabisa jumla ya halmashauri: 191.

Nikamwambia, dada, Tanzania Bara ina halmashauri 184.

"Umejuaje?"

Nimejuaje! Kila Aprili ripoti ikitua bungeni mimi ndiye ninayepewa kurasa za serikali za mitaa. Tukashuka mstari kwa mstari. Halmashauri saba zilikuwa hewa. Jina moja ripoti ya mwaka huu imeliandika na neno Wilaya, ya mwaka jana bila hilo neno. Lingine lina nafasi mbili kati ya maneno. Lingine herufi moja imedondoka. Kila mara programu ilipouliza kwa mabano, ramani ikazaa halmashauri mpya na kuipa rekodi yake. Mbili kati yake zilikuwa na rekodi nzuri kuliko mama zao.

Mwalimu wa sekondari akapendekeza tubadilishe mabano yote tuweke kutafuta, na kidole kikionyesha mwisho, jina liandikwe pembeni mtu alitazame kwa macho yake. Tukafanya hivyo. Tukapanga halmashauri kwa jina, kisha tukazipanga tena kwa idadi ya hati zenye shaka, mara hii kwa upangaji tulivu, ule usiovuruga mpangilio uliokuwepo kati ya walio sawa, ili ndani ya kila kundi majina yabaki kwa alfabeti. Usiku ule jedwali lilisimama. Kuna halmashauri kadhaa zinazojirudia juu yake ambazo sitazitaja hapa, kwa sababu bado sijazipigia kuwasikia, na ninajitahidi kuandaa maswali yasiyo ya mabano ya mraba.

Sasa kuhusu kazi. Dada wa benki ameniambia kitengo chao cha mifumo kitaajiri kabla ya mwaka kwisha, na wanachukua hata wenye cheti kama hiki chetu. Mshahara alioutaja ni wangu mara mbili na chenji inabaki. Kaniambia nikipata matokeo nipeleke barua. Sijamjibu ndiyo, sijamjibu hapana. Juzi nikamwonyesha mhariri wangu lile jedwali, nikidhani atauliza nimelitoa wapi. Hakuuliza. Alivaa miwani, akaangalia safu ya juu kwa muda mrefu, akasema, "Hii unanipa lini?" Kisha akauliza kama naweza kufanya hivyo kwa mamlaka za maji. Kuhusu mkataba hakusema kitu, na mimi sikumgusia.

Nimemwambia atapata baada ya Jumamosi. Zamu yangu ya siku hiyo kaichukua mwenzangu kwa masharti kwamba nimlipe Sikukuu ya Krismasi.

Kilichobaki ni kupanga kwa haraka, ambapo lazima nikumbuke kwamba kiwango cha 1998 kiliahidi kasi kwa wastani tu, na cha 2011 kikaahidi hata kwa hali mbaya zaidi, shukrani kwa njia aliyoichapisha David Musser mwaka 1997. Kwa vitu milioni moja tofauti yake ni kati ya hatua kama milioni 20 na hatua trilioni moja, hivyo swali hilo halikosi alama sita. Halafu kuna foleni ya kipaumbele, ile ambayo anayetoka kwanza si aliyefika kwanza. Sijaigusa kabisa. Dada wa benki anakuja saa kumi na moja jioni na maswali ya miaka mitatu iliyopita, na mwalimu wa sekondari ameahidi kuleta karanga.

Tukutane baada ya Jumamosi.